Mtaro katikati ya mianzi

Mwezi wa kumi mwaka 2014 nilichimba mtaro katikati ya mianzi aliyotuachia baba. Ulikuwa na urefu wa hatua ishirini na mbili, na kina chake kilinifika magotini. Nasimulia habari zake leo kwa sababu pale mtaroni ndipo liliponianza swali ambalo sijaachana nalo mpaka sasa: mimi naishia wapi, na wengine wanaanzia wapi? Watu wa dini wamelizungumza, wanafalsafa wamelizungumza, kama nafsi ya mtu ni kitu kilichojitenga chenyewe au ni sehemu ya vyote vilivyopo. Kwangu lilikuja nikiwa nimeshika jembe, tena nimekasirika.

Kwetu ni Mufindi, ndani ndani kutoka Mafinga, mabondeni ambako mwezi wa sita ukungu haunyanyuki mpaka saa nne asubuhi. Baba alikuwa mgema. Kwa asiyeujua ulanzi nieleze kidogo, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Mvua zikishakolea, mianzi hutoa vichipukizi vinene na laini. Kabla kichipukizi hakijatoa matawi, mgema hukikata kichwa, halafu kila asubuhi na kila jioni hukichonga tena kipande chembamba kwa kisu chenye makali ya kweli, ili kidonda kisifunge. Maji yake hudondoka kwenye mbeta, ambayo nayo ni kipande cha mwanzi. Ukiunywa mapema ni togwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Ukiuacha ukalala, ni pombe. Sare zangu za shule, madaftari, na nauli ya basi lililonipeleka Dar es Salaam mara ya kwanza, vyote vilitoka kwenye matone yale. Wanawake wengi kwetu hawagemi, wanauza. Mimi baba alinifundisha kushika kisu nikiwa darasa la tano, na namshukuru kwa hilo.

Baba alifariki mwaka 2013. Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa kugawa. Mimi nilipewa upande wa chini, mdogo wangu upande wa juu. Wazee wakafunga kamba kwenye mparachichi, wakaivuta moja kwa moja mpaka kwenye jiwe kubwa lililo jirani na kijito, na kamba ikapita katikati ya kichaka cha mianzi. Siku ile hakuna aliyeona kwamba hilo ni tatizo.

Tatizo lilikuwa ndani yetu. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar baada ya miaka kumi na mitatu, na kila nilichomtumia baba nilikuwa nakikumbuka kwa tarehe: dawa, mbolea, bati za nyumba. Mdogo wangu yeye ndiye aliyebaki. Alikuwa anaukumbuka usiku ule alipombeba baba mgongoni mpaka zahanati, na mvua inanyesha. Kila mmoja alikuwa na daftari lake kichwani, na mahesabu yetu hayakulingana. Msimu wa kwanza akagema vichipukizi vitatu vilivyoota upande wangu. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole, "Dada, mwanzi haujui kamba." Nikaona ananifanyia ujeuri. Nikamwambia chake kiko juu ya kamba, changu kiko chini ya kamba, na kama mwanzi haujui, mimi nitaufundisha.

Nikatafuta kijana wa kibarua, sururu, shoka na panga. Saa ya kwanza tulikuwa tunatoa majani makavu na udongo mweusi, kazi nyepesi. Baada ya hapo sururu ikagoma. Tulikuwa tumefika kwenye vishina vya chini ya udongo. Nilikuwa nimekulia kwenye mianzi ile, lakini chini yake sikuwahi kupatazama. Vilikuwa kama vidole vya watu wengi walioshikana mikono gizani, vimepindana, rangi yake kama pembe ya ng'ombe, pingili fupi fupi zimebanana, na kila pingili ina vijizizi kama ndevu. Kimoja kinatoka kwenye ubavu wa kingine, nacho ubavuni kimetoa cha tatu. Shoka likikita, panatoka maji. Niliyaonja kwa ncha ya kidole. Harufu ilikuwa ileile ya mbeta asubuhi. Kijana akasimama, akafuta jasho, akasema, "Shangazi, hapa mimi sijui nakata wa nani." Nikamwambia akate. Tukakata siku nzima, na jioni mtaro ukawa umepita kutoka upande huu mpaka ule. Usiku ule nililala vizuri. Lazima niliseme na hilo.

Mvua zikaja. Upande wangu, mahali ambapo baba alikuwa anapata vichipukizi ishirini na kitu kwa msimu, vikatoka vinne. Vyembamba kama mpini wa jembe. Viwili vikanyauka kabla havijafika kiunoni. Nikafikiri ni wadudu, nikafikiri ni udongo, nikafikiri mengine ambayo leo naona aibu kuyaandika. Mwisho nikaenda kwa mzee mmoja, mgema mwenzake baba. "Kamwene," nikamsalimu. "Kamwene, mwanangu." Akachukua fimbo yake tukaja naye. Akautazama mtaro, hakuniuliza nani aliuchimba. Akainama akakishika kichipukizi kimojawapo, kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto mgonjwa.

"Kitazame hiki. Kina majani?"

Hakina, nikasema.

"Kisicho na jani kinakula nini?"

Sikuwa na jibu. Akanyoosha fimbo juu, kwenye mianzi minene ya upande wa mdogo wangu, ya miaka mitatu, minne, majani yake yanachezeshwa na upepo. "Wale ndio wanaomlisha. Chakula kinapita chini, hukioni. Wewe umewakata na mtoto wao."

Wakubwa kati ya mianzi ile walikuwa juu ya kamba. Wachanga huchipua pembeni, na pembeni kwenye nafasi palikuwa kwangu. Mdogo wangu alikuwa anajua hivyo, kwa sababu alibaki na baba akajifunza. Mimi nilikuwa najua kuchonga tu.

Niliondoka pale nikiwa na kitu kizito kifuani, na kilikaa muda mrefu. Kichipukizi ukikiona kimesimama, kimenyooka, kina ganda lake na kimo chake, utasema ni kitu kamili. Unaweza kukihesabu: kimoja. Na kweli ni kimoja. Lakini hakuna kilichomo ndani yake ambacho hakikutoka kwingine. Ulanzi tulioufurahia maisha yetu yote haukuwa kazi ya kichipukizi tulichokichonga. Lilikuwa jua lililoshikwa na majani ya mianzi mingine, likawa utamu, likapita chini ya udongo mpaka kwa mtu ambaye bado hana jani hata moja. Nikajiona mimi. Huyu niliyekuwa namwita "mimi", aliyerudi nyumbani na orodha ya anachodai, nani alimlisha wakati hana jani?

Hapo ndipo likanirudia jambo la mwaka 2006.

Nilikuwa Buguruni, nauza juisi na barafu. Nilikuwa nimenunua friza ya mtumba kwa hela ya mkopo wa kina mama wa mtaani. Mwaka ule ukame ulishusha maji ya bwawa la Mtera, umeme ukawa wa mgawo, na kila aliyekuwa na biashara ya kugandisha anaikumbuka miezi ile. Unakatika asubuhi unarudi usiku. Barafu inakuwa maji, juisi inachacha, namwaga ndoo baada ya ndoo mferejini huku nawalaani watu nisiowajua, popote walipo, waliokalia maji. Jioni moja nikampigia baba kwa simu ya jirani. Akaniambia huko nako mvua ni haba, ila wao kidogo wamepata ahueni: wamekifungulia kijito kwenye vinyungu, mahindi na maharage yako vizuri. Nikasema tumshukuru Mungu. Simu ikaisha, nikakaa gizani.

Vinyungu ni bustani zetu za bondeni, za kiangazi, unalima matuta kwenye unyevu na kuongeza maji ya kijito. Bila hivyo mtu wa Mufindi hana cha kula kabla ya mavuno mengine. Mwaka 2015 tuliitwa kijijini kwenye mkutano wa watumia maji, akaja mtaalamu wa bonde la Rufiji. Akabandika karatasi kubwa ukutani, akachora kwa kalamu nene. Kijito chetu kinaingia Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo unapita Iringa mjini, unaenda kuingia Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu unajaza Mtera. Mtera kuna mitambo ya megawati 80, na maji yakishatoka hapo yanateremka mpaka Kidatu, ambako kuna megawati 204. Halafu akabadilisha kalamu, akachukua nyekundu, akavuta mstari kutoka Kidatu kwenda mashariki. "Hii ni waya," akasema, "inakwenda Dar es Salaam." Wenzangu waliendelea kuuliza habari za vibali na faini. Mimi nilikuwa nautazama ule mstari mwekundu mwili ukinisisimka.

Sisemi kwamba kinyungu cha baba ndicho kilichozima friza yangu. Huo ungekuwa uongo. Kosa kubwa lilikuwa la mbingu kukosa mvua, na huko Ruaha Mkuu kwenyewe, ndani ya hifadhi, mto umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, mambo makubwa kuliko matuta yetu ya maharage. Lakini kamba ilikuwepo, na mimi na baba tulikuwa tumeishika kila mmoja kwa ncha yake bila kujua. Kati ya wale niliowalaani bila kuwajua, mmoja alikuwa baba yangu mzazi. Na tena si hivyo tu. Mwezi wa tisa mwaka uleule alinitumia gunia la maharage kwa basi. Nilikula, nikauza yaliyobaki kwa visado, na hela ile nikalipa sehemu ya deni la friza. Maji yale ambayo sikuyapata kwenye waya, sehemu yake ilinifikia kwenye gunia. Kila nikilikumbuka jambo hili nashindwa kusema nani alimpa nani, na nani alimnyima nani.

Sasa nimtaje mama.

Kati yangu na mdogo wangu alikuwepo mwingine, wa kiume, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka minne. Mama alikuwa na tabia moja: akikaa jioni anaweka kiganja chini ya titi la kushoto, anasema, "Huyu bado yumo." Sisi tulikuwa tunachukulia ni huzuni ya mzazi na tunanyamaza. Mwaka 2017 binti wa mdogo wangu, anayesomea uuguzi, alikuja likizo. Akasikia bibi yake anasema vile, akaweka sahani chini. "Bibi hakosei," akasema. Akatueleza kwamba mama akiwa mjamzito, chembehai za mtoto huvuka kondo la nyuma zikaingia kwenye damu yake, na baadhi haziondoki. Mwaka 1996 mtaalamu mmoja wa Marekani, Diana Bianchi, na wenzake, walitangaza kwamba wamezikuta chembe za kiume kwenye damu ya mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume miaka 27 nyuma. Tena njia hiyo hupitwa kwenda na kurudi: na za mama huvuka zikaingia kwa mtoto, zikabaki humo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikuwa nawaambia," akaendelea kuchambua maharage.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa najitazama mkono kwenye mwanga wa koroboi, huu mkono wangu, nikijiuliza kama mle ndani hakuna chembe iliyokuwa ya mama kabla sijawa mtu. Kwa lugha yetu tunasema mtu anarudi pale kilipozikwa kitovu chake, na cha kwangu mama alishanionyesha, ni nyuma ya nyumba kwenye mgomba ambao umeshazaa na kuzalisha mara nyingi. Siku zote nilidhani ule ni usemi wa kutaja nyumbani. Tangu siku ile nikiusikia nauchukulia kama ulivyo.

Hata hivyo kuna wanaokwenda mbele zaidi ya hapo, wanasema kujitenga ni ndoto tu, hakuna mimi wala wewe, sote ni kitu kimoja. Nimewasikia, na kuna saa maneno yao yananifariji. Lakini siwezi kuyakubali yote, na sababu ni mama mwenyewe.

Mwaka 2019 saratani ilimlaza. Tulipoambiwa hakuna la kufanya tukamrudisha nyumbani, mimi na mdogo wangu tukawa tunapokezana usiku. Saa nane hivi za usiku maumivu yalikuwa yanakuja kama mtu anayebisha hodi kwa nguvu. Nilikuwa namshika mkono, naubana, naomba Mungu anigawie hata robo. Hakuna kilichovuka. Ngozi yake kwenye ngozi yangu, jasho lake kwenye kiganja changu, chembe zake ndani ya damu yangu kama ni kweli nazo zimo, na bado maumivu yalikuwa yanasimama palepale kwenye mkono wake, kwangu hayafiki. Usiku mmoja alinitazama, nadhani aliona ninachokifanya. Akasema, "Haya ni yangu, mwanangu. Wewe kalale kidogo, kesho una kazi."

Haya ni yangu. Neno "yangu" niliwahi kulitumia kwa mianzi. Sikuwahi kulisikia likisemwa namna ile, na mtu anayelitumia ili mwingine apumzike. Mama alikuwa na mpaka wake, na aliulinda kwa ajili yangu.

Usiku wa zamu ya mdogo wangu nilimfuata jikoni. Alikuwa anachochea moto, sufuria ya uji iko mafigani. Nilimwambia habari ya mtaro, kwamba nilikosa, nimwombe anisamehe. Nilikuwa nimekaa na maneno yale miaka mitano. Na niliyasema kwa sababu yeye ni yeye na mimi ni mimi. Kama tungekuwa kitu kimoja, msamaha ningemwomba nani? Na kama tungekuwa vitu viwili visivyohusiana, ningekuwa nimekosa nini, nikikata kilicho changu upande wangu? Lazima tuwe wawili, na lazima pawe na kinachopita chini, ndipo neno "nisamehe" lipate pa kwenda. Huo ndio msimamo wangu, na sijakutana na mtu wa kunitoa hapo.

Yeye alikoroga uji kwanza. Halafu akasema, "Dada, hata mimi nilikuwa na jembe langu. Ni vile tu sikulitoa nje." Akanimiminia uji kwenye kikombe cha baba.

Mama alizikwa mwezi wa kumi na moja, kwenye udongo mwekundu wa juu kidogo ya mianzi.

Mtaro hatukuufukia. Tulisema tutaufukia kila mwaka tukawa tunapitiwa, na majani yakawa yanaujaza yenyewe, mvua zikiangusha kingo. Ukipita sasa huwezi kuujua, labda nikuonyeshe. Msimu huu, katikati kabisa pale ulipopita, kimetoka kichipukizi kimoja kinene kuliko vyote, na wala si cha juu wala si cha chini. Tulikitazama wote wawili siku kadhaa bila kusema. Siku kilipofika kimo cha kugemwa nilikuta mbeta ya mdogo wangu imeshafungwa, na kisu chake amekiacha kimechomekwa kwenye mwanzi wa jirani, mpini unaelekea kwangu.

Asubuhi anagema yeye, jioni nagema mimi. Juzi nilichelewa, nikafika giza linaanza kuingia. Mbeta ilikuwa imejaa mpaka mdomoni na nyuki wawili walikuwa wamezama wanapapatika. Nikawatoa kwa kidole mmoja mmoja, nikawaweka juu ya jani wakauke, ndipo nikachukua kisu.